Milango ya kabati la jikoni imeshuka: kabla hujanunua mipya

Swali: Fundi, habari za kazi. Naishi Tabata, nyumba ni yetu wenyewe. Makabati ya jikoni tulitengenezewa miaka minne iliyopita, milango ya MDF (ule ubao wa unga wa mbao uliogandishwa) na ndani chipbodi. Sasa milango miwili ya juu imeshuka, inasuguana katikati, ukifunga mmoja mwingine unafunguka. Wa chini ya sinki ndio umenichosha kabisa: skrubu za bawaba zinazunguka tu bila kukaza, na juzi umebaki mkononi. Fundi niliyemwita anashauri tubadilishe milango yote na bawaba zote, tuweke zile zinazojifunga polepole. Baba watoto anasema tusubiri. Je, kuna ninachoweza kufanya mwenyewe, au fundi yuko sahihi?

Jibu: Nzuri dada, ahsante kwa kueleza vizuri. Milango ya juu utairekebisha mwenyewe jioni moja kwa bisibisi. Wa sinki unatengenezeka, ila bisibisi peke yake haitoshi. Milango yote mipya sioni inakuja kutibu nini, maana ulichoeleza si ugonjwa wa milango. Mlango mpya ukifungwa kwenye tundu lilelile lililolegea utashuka kama wa zamani, tena bawaba mpya ikiwa nzito zaidi utashuka mapema. Simhukumu fundi wako. Kuvua vya zamani na kuvalisha vipya ni kazi yenye hesabu inayoeleweka, wakati kuhangaika na tundu moja la skrubu nusu siku nzima ni kazi ambayo wateja wetu wengi hawataki kuilipia. Na sisi mafundi tumeshajifunza hivyo.

Kabla hujagusa skrubu yoyote, lichunguze kabati lenyewe. Panda kwenye kiti imara, tazama pale juu ambapo mgongo wa kabati unakutana na ukuta. Ukiona ufa ambao zamani haukuwepo, kabati linaachana na ukuta na milango inakupa taarifa tu. Hapo usirekebishe kitu. Toa vyombo vyote, vya udongo na sufuria nzito kwanza, kisha mwite fundi. Nyumba zetu nyingi za Dar ni tofali za saruji zilizopigwa plasta, na skrubu iliyoishia kwenye plasta haijashika kitu. Inatakiwa ipite plasta, iingie ndani ya tofali sentimita nne au tano, ikiwa kwenye fisha, kile kibomba cha plastiki kinachoshika skrubu ukutani, ya milimita 8 au zaidi. Kazi hiyo usiifanye peke yako, kabati lililojaa sahani likidondoka linaweza kumuua mtu.

Kama ukuta uko salama, chukua futi upime mshazari: kutoka kona ya juu kushoto hadi ya chini kulia, halafu ile nyingine. Vipimo viwili vikilingana, kabati limekaa mraba. Vikitofautiana zaidi ya milimita tatu hivi, kabati limepinda, na utasogeza bawaba mpaka uchoke bila mstari wa katikati kunyooka. Makabati ya chini hupinda kwa sababu mguu mmoja umezama au sakafu haiko sawa. Kabari ndogo ya plastiki au ya mbao ngumu chini ya upande ulioshuka inamaliza mambo.

Sasa fungua mlango utazame bawaba. Karibu makabati yote yanayotengenezwa mjini siku hizi yana aina moja. Kuna kikombe cha chuma kilichozama ndani ya mlango, kipenyo chake milimita 35. Kutoka kwenye kikombe unatoka mkono, nao umefungwa kwenye bamba dogo lililo ubavuni mwa kabati kwa skrubu mbili. Juu ya mkono huo kuna skrubu nyingine mbili zinazofuatana. Iliyo karibu na mlango inausogeza mlango kushoto na kulia. Iliyo nyuma yake, kuelekea ndani ya kabati, ndiyo inayoushikilia mkono kwenye bamba, na ukiilegeza mkono unateleza mbele na nyuma. Zile mbili za bamba matundu yake huwa marefu kidogo, ya kupanda na kushuka. Ukizilegeza mlango wote unapanda au unashuka.

Anza kwa kukaza kila skrubu unayoiona: mbili za bamba, ya nyuma ya mkono, na mbili zilizo pembeni mwa kikombe mlangoni. Ya mbele, ile ya kushoto na kulia, iache kwanza. Nakuhakikishia milango mingi inayoitwa mibovu huishia hapa, maana kwa miaka minne ya kufungua na kufunga, skrubu imelegea robo mzunguko na mlango ukalala. Tumia mkono. Drili ya umeme kwenye chipbodi inakaza haraka, halafu inaendelea kuzunguka kabla hujaachia, na hapo umetengeneza tundu bovu jipya. Bisibisi iwe ya nyota namba 2. Tena tazama kichwa cha skrubu: kama kati ya mikono ya msalaba kuna vimistari vinne vidogo, inahitaji nyota yenye mabawa madogo ya kuingia humo. Nyota ya kawaida itaingia, lakini itateleza na kukila kichwa mpaka kiwe duara.

Baada ya kukaza, funga milango yote miwili, rudi nyuma hatua mbili, tazama mstari wa katikati. Tuseme mlango wa kushoto, wenye bawaba upande wa kushoto, kona yake ya chini upande wa kitasa bado imelala. Maana yake kichwa cha mlango kimeegemea kulia na miguu imerudi kushoto. Unafanya kinyume: bawaba ya juu iuvute mlango kurudi kushoto, ya chini iusukume kwenda kulia. Mlango wa kulia ni vilevile kwa upande wake, yaani bawaba ya juu inavuta kuelekea ukingo wa nje wa kabati na ya chini inasukuma kuelekea katikati.

Namna ya kufanya ni hii. Kwenye bawaba ya juu, legeza skrubu ya nyuma kidogo tu, robo mzunguko. Geuza ya mbele nusu mzunguko. Kaza ya nyuma. Funga, tazama. Kama umekwenda usikotaka, geuza upande wa pili, hakuna kilichoharibika. Halafu hamia ya chini. Usimalize safari yote kwenye bawaba moja, gawanya kati ya mbili, la sivyo moja itabeba mlango na nyingine itabaki inavutana nayo. Kama bawaba zako ni zile zenye kilimi cha kubofya nyuma, zinazochomoka bila bisibisi, ya nyuma usiiguse kwa kazi hii, geuza ya mbele peke yake. Na kamwe usilegeze za nyuma za bawaba zote mbili kwa pamoja. Mlango wa MDF wa milimita 18, wenye upana wa sentimita 40 na urefu wa 70, una karibu kilo nne, na ukichomoka unatua kwenye vidole vya mguu. Mwite mtoto mkubwa aushike.

Nafasi kati ya milango miwili iwe milimita mbili hadi tatu. Huna haja ya kifaa: kadi ya benki au ya NIDA ina unene wa milimita 0.76, kwa hiyo kadi tatu zikishikana zipite katikati bila kukwaruza, juu, katikati na chini. Zikipita juu na kukwama chini, rudi kwenye bawaba ya chini.

Ukishanyoosha mstari, angalia vichwa vya milango viko sawa juu. Kama mmoja uko chini, legeza skrubu za bamba kwenye bawaba zote za mlango huo kidogo tu, mwenzako auinue mlango kwa kiganja, kaza. Mwisho kabisa ni kuusogeza mlango mbele na nyuma. Umesema ukifunga mmoja mwingine unafunguka. Mara nyingi ni kwa sababu inagusana katikati, na kadi zitakuwa zimeshalimaliza hilo. Lakini kama bado unarudi, chungulia upande wa bawaba mlango ukiwa umefungwa. Ukiona umegandamana na ubavu wa kabati hata karatasi haipiti, ndio unaosukumwa utoke. Uvute mbele milimita moja kwa skrubu ya nyuma na utatulia.

Tuje kwenye sinki, maana hapo ndipo penye kazi. Usianze na skrubu, anza na maji. Chipbodi ni chembe za mbao zilizogandishwa kwa gundi; ikilowa inavimba, na ikikauka hairudi ilivyokuwa. Skrubu haiwezi kung'ang'ania chembe zilizoachana. Kwa hiyo kausha sehemu ya chini ya sinki, funga bomba, pangusa kila kitu kwa kitambaa kikavu, kisha tandaza karatasi kavu chini, fungua maji kwa nguvu, ujaze sinki halafu uachie. Kiungo cha bomba la kutolea maji kikivuja, karatasi itakuonyesha tone limeangukia wapi. Kama chini ni pakavu, mimina maji kidogo juu, pale sinki linapokutana na kaunta. Silikoni iliyopasuka pale huvujisha polepole na maji yanatambaa chini ya kaunta mpaka ubavuni mwa kabati bila mtu kuyaona. Na kuna chanzo cha tatu ambacho kila jiko ninaloingia nakikuta: kitambaa cha kuoshea vyombo kinachoanikwa juu ya mlango wa sinki. Kimelowa asubuhi mpaka usiku, na kinachotiririka kinashukia kwenye bawaba ya juu. Kitafutie msumari ukutani.

Ukishaziba maji, acha mlango nje na kabati wazi siku kadhaa likauke, feni ikisaidia. Gundi haishiki ubao wenye unyevu. Halafu chukua ncha ya bisibisi uchokonoe kuzunguka matundu ya bamba.

Kama ubao ni mgumu na tundu tu ndilo limepanuka, kazi ni rahisi. Chukua vijiti vya mishikaki, gundi nyeupe ya mbao, na wembe. Safisha tundu vumbi litoke. Chovya vijiti kwenye gundi, vigongelee ndani kwa nyundo ndogo mpaka tundu lijae na kisiingie kingine, pangusa gundi iliyotoka, acha mpaka kesho. Kesho yake kata vilivyochomoza usawa na ubao, toboa katikati kwa biti ya milimita 2 au 2.5, kisha funga skrubu yako kwa mkono. Njiti za kiberiti zinafaa pia ukikata vichwa, ila ni laini, na kwa mlango unaofunguliwa kama wa sinki ningependelea mianzi ya mshikaki. Wengine hununua skrubu nene zaidi, wakatoka kwenye ya milimita 3.5 kwenda 4. Inashika, lakini hakikisha kichwa kinazama kwenye bamba, kikichomoza mkono wa bawaba hautakaa. Na usiongeze urefu kwa pupa: ubavu wa kabati ni milimita 16 au 18, skrubu ya 25 itatokea upande wa pili.

Kuhusu supaglu na vumbi la mbao, ambayo mafundi wengi wanaitumia kwa sababu inakauka ukiwa umesimama: inakuwa ngumu kama jiwe lakini haina mnyumbuko. Mlango ukigongwa mara kadhaa, kinachong'oka si skrubu tena bali bonge zima la ubao. Mimi siitaki kwenye bawaba.

Kama ubao unabomoka na kutoa unga, vijiti havitakusaidia, havina cha kushika. Hapo kuna njia mbili. Ya kwanza ni boliti. Toboa ubavu wa kabati upande hadi upande kwenye matundu yaleyale ya bamba, pitisha boliti ndogo za milimita 4 zenye vichwa bapa, upande wa pili weka washa pana na nati. Kama upande wa pili ni ndani ya kabati jirani, hakuna atakayeona, na bamba halitang'oka tena labda ubavu wote uondoke. Hii ndiyo ningeifanya kwako kama sinki liko katikati ya makabati mengine. Ya pili ni kukata kipande kilichooza na kupachika plaiwudi ya unene uleule, kwa gundi na skrubu za kutokea nyuma. Ni kazi safi lakini inataka msumeno mzuri na mkono uliozoea. Huyo fundi wako mpe hiyo. Ukingo wowote uliokatwa uupake vanishi au rangi ya mafuta kabla haujafungwa, kwani ukingo mtupu ndio mdomo unaonywea maji.

Matundu yaliyokufa yakiwa upande wa mlango, pale kwenye kikombe, dawa ya vijiti ni ileile. MDF ikiwa imechanika pale, kuna vibamba vya chuma vya kurekebishia vinavyofunika eneo pana zaidi na kupata matundu mapya.

Tazama pia unachohifadhi chini ya sinki. Chupa ya dawa ya kung'arisha nguo, hata ikiwa imefungwa lakini si barabara, hutoa hewa ya klorini taratibu, na klorini inakula chuma. Nimeona bawaba za kabati la sinki zimejaa kutu nyekundu wakati za kabati la pembeni, zilizofungwa siku moja, bado zinang'aa. Ihamishie bafuni. Kwa wasomaji wa Msasani, Kunduchi na Kigamboni, upepo wa bahari unafanya kazi hiyohiyo nyumba nzima. Huko bawaba za chuma kisichoshika kutu, daraja la 304, zinarudisha fedha yake. Tabata si lazima. Bawaba inayolia ipake tone la mafuta ya cherehani kwenye maungio. Mafuta ya kupikia yanaganda na kukusanya vumbi, na mende wanayapenda.

Kama mtungi wa gesi unakaa ndani ya kabati, nao una lake. Wa kilo 15 uliojaa, pamoja na chuma chake, unakaribia kilo 30. Sakafu ya chipbodi inapinda, mbavu zinafuata, milango inaanza kusuguana. Uweke chini moja kwa moja, kwenye sakafu ya nyumba. Tena kabati hilo liwe na matundu ya hewa chini kabisa, kwa sababu gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa na ikivuja inatuama chini.

Wenye milango ya mbao nzima, hasa paini, wasikimbilie randa mlango ukibana wakati wa masika. Mbao inavimba Machi hadi Mei na kusinyaa kipupwe. Ukiipunguza Aprili, Julai utakuwa na pengo la kupitisha kidole. Mninga hauna vurugu hizo sana. Wako ni MDF, hilo halikuhusu.

Kuhusu bawaba za kujifunga polepole: ni nzuri, hasa penye watoto wanaobamiza. Watoto wenyewe lakini wakatazwe kuning'inia kwenye mlango kama konda wa daladala, hakuna bawaba ya hivyo duniani. Ukitaka, anza na milango ya juu, ambako ubao ni mzima. Chini ya sinki weka za kawaida mpaka uhakikishe pamekauka kwa miezi kadhaa. Milango isiyozidi sentimita 90 inahitaji bawaba mbili tu. Kuanzia hapo hadi mita 1.6 ziwe tatu. Fundi akikuwekea hesabu ya tatu kwa kila kamlango, muulize kwa nini.

Ukienda Kariakoo kununua, chomoa moja ya zamani uende nayo, usimweleze muuza duka kwa maneno. Kipenyo cha kikombe kiwe milimita 35, na umbali kati ya matundu mawili ya bamba uwe milimita 32, ndicho kipimo cha kawaida. Kinachowaponza watu ni mkono. Ulionyooka ni wa mlango unaofunika ubavu wote wa kabati. Uliopinda kidogo ni wa milango miwili inayogawana ubao mmoja wa katikati. Uliopinda sana ni wa mlango unaozama ndani ya fremu. Vyote vitatu vinafanana kwenye pakiti na vinaingia kwenye tundu lilelile, na ukikosea mlango hautafunga hata ugeuze skrubu zote. Weka ya zamani na mpya ubavu kwa ubavu juu ya meza ya duka, tazama mpindo, ndipo ulipe.